Namba 2,140,497: Tabia Zake za Kihisabati na Namna Kiswahili Kinavyoitaja

Utangulizi



Mihadhara ya Kiswahili imezoea kuchota mada zake katika ushairi, riwaya, sarufi na historia ya lugha. Mada ya leo ni namba moja tu: 2,140,497. Hii ni idadi ya watu wa Mkoa wa Simiyu kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, sensa iliyohesabu watu kwa kuzingatia mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na sehemu ya Mkoa wa Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji, ambamo wengi huzungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili sokoni, shuleni na ofisini.

Huenda msikilizaji akauliza: mtaalamu wa lugha ana shughuli gani na idadi ya watu? Jibu ni kwamba namba kubwa ina maisha mawili. Kwenye karatasi huishi kama safu ya tarakimu; mdomoni huishi kama sentensi. Mtendaji wa kijiji anaposimama mkutanoni na kuitaja, au mtangazaji anapoisoma redioni, namba hiyo hutoka katika maisha ya kwanza na kuingia katika ya pili, na katika kuvuka huko inaweza kuharibika. Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza, kwa Kiswahili kitupu, tabia za kihisabati za namba hii moja. Kisha kuonyesha jinsi tabia hizo zinavyoweza kuilinda isiharibike, na mahali ambapo ulinzi huo unashindwa kwa sababu ya lugha yenyewe.

Jina la namba

Tuanze na jina. Namba yetu husomwa: milioni mbili, laki moja, arobaini elfu, mia nne tisini na saba. Tukiondoa kiunganishi, jina hili lina maneno kumi. Matatu kati yake, yaani mbili, moja na nne, ni ya asili ya Kibantu. Matano, yaani arobaini, elfu, mia, tisini na saba, yametoka katika Kiarabu. Laki imevuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, na milioni imeletwa na lugha za Ulaya. Kwa hiyo anayetaja idadi ya watu wa Simiyu hutaja pia, bila kukusudia, historia ya biashara na utawala wa pwani yetu.

Si kwamba Wabantu hawakuwa na maneno ya kuhesabia. Neno kenda, ambalo kamusi za Kiswahili zimelihifadhi kwa maana ya tisa, limo pia katika Kisukuma, na fungate, ambayo leo tunaihusisha na siku saba za maharusi, ni masalio ya namna ya kale ya kutaja saba. Maneno ya Kiarabu yalishika nafasi hizo kwa sababu hesabu kubwa za pwani zilikuwa hesabu za wafanyabiashara. Mtoto wa Bariadi aliyejifunza kusema ikumi nyumbani haoni ugumu akikutana na kumi darasani, lakini elfu na laki humjia zikiwa maneno mageni kabisa.

Jambo la pili kuhusu jina hili ni la kisarufi. Katika Kiswahili husema watu wawili, watu watano, watu wanane. Namba huchukua kiambishi cha watu. Lakini katika watu milioni mbili, neno mbili halikubaliani na watu. Linakubaliana na milioni. Mia nne vilevile: nne ni ya mia. Katika namba kubwa, mahali pekee panapoweza kubeba kiambishi cha watu ni tarakimu ya mwisho, ile ya mamoja. Na katika namba yetu tarakimu hiyo ni saba, ambayo, kama sita na tisa, ilitoka katika Kiarabu na haipokei kiambishi. Angeongezeka mtu mmoja tu, tungesema watu milioni mbili, laki moja, arobaini elfu, mia nne tisini na wanane. Tutairudia tarakimu hii ya mwisho, kwa kuwa ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Jambo la tatu ni sifuri. Katika maandishi, tarakimu ya nne kutoka kulia ni 0. Ndiyo inayoshika nafasi ya elfu mojamoja na kuisukuma 4 iliyo kushoto kwake isomeke arobaini elfu badala ya elfu nne. Mdomoni sifuri hiyo haitamkwi. Mfumo wa tarakimu uliozaliwa India na kuenezwa na wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu unategemea nafasi. Usemi unategemea majina. Anayeandika kile anachosikia lazima aijue nafasi ambayo hakuisikia.

Ukubwa wake

Namba ya kiasi hiki ni kubwa kiasi gani? Tuchukue mfano wa mtu anayehesabu kichwa kimoja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Siku ina sekunde 86,400. Mtu huyo angemaliza watu wa Simiyu baada ya siku 24, saa 18, dakika 34 na sekunde 57.

Lakini ukubwa una sura nyingine. Tuseme watu wote wameorodheshwa kwa mpangilio, na tunataka kumpata mmoja kwa kuuliza maswali yanayojibiwa ndiyo au siyo. Kila swali huigawa orodha nusu kwa nusu: je, yumo katika nusu ya kwanza? Maswali 21 hutosha kwa watu wasiozidi 2,097,152, ambayo ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 21. Namba yetu imeipita hiyo kwa 43,345. Kwa hiyo yanahitajika maswali 22. Katika Sensa ya mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,584,157, na maswali 21 yangetosha. Ongezeko la watu zaidi ya nusu milioni limeongeza swali moja tu. Hii ndiyo siri ya kompyuta, na ya vishikwambi vilivyotumika kukusanya taarifa za sensa ya 2022: penye mpangilio, wingi hautishi.

Vigawo vyake

Sasa tuifungue namba yenyewe. Shule zetu za msingi zina istilahi nzuri za kazi hii. Namba inayogawanyika kwa mbili huitwa shufwa, na isiyogawanyika huitwa witiri. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, na la pili waumini wa Kiislamu wanalijua pia kutokana na swala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu huitwa namba tasa, na hapa Kiswahili kimetumia taswira yake: ni namba isiyozaa vigawo vingine.

Namba 2,140,497 inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri, na wala haigawanyiki kwa tano. Tukijumlisha tarakimu zake, 2 + 1 + 4 + 0 + 4 + 9 + 7, tunapata 27. Kwa kuwa 27 hugawanyika kwa tisa, namba nzima hugawanyika kwa tisa, na jibu ni 237,833. Jumla ya tarakimu za jibu hilo ni 26, hivyo haligawanyiki tena kwa tatu. Tukilijaribu kwa namba tasa zinazofuata, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41, kila moja huacha baki. Namba 43 haiachi baki: 237,833 ni 43 mara 5,531. Na 5,531 ni tasa. Kulithibitisha hilo hatuhitaji kujaribu namba zote. Inatosha kufika 73, kwa sababu 75 mara 75 ni 5,625, ambayo imeshaipita.

Basi namba yetu ni 3 × 3 × 43 × 5,531. Haina namna nyingine ya kuvunjwa kuwa namba tasa, na hakuna namba nyingine yenye vigawo tasa hivyohivyo. Kutokana na hivyo tunapata vigawo vyake vyote, ambavyo ni 12: 1, 3, 9, 43, 129, 387, 5,531, 16,593, 49,779, 237,833, 713,499 na 2,140,497.

Orodha hii ina funzo kwa wapangaji wa maendeleo. Tano haimo. Ukiwagawa watu wa Simiyu sawasawa kwa wilaya zake tano, kila wilaya ingepata 428,099 na wangebaki watu wawili. Taarifa ingeandika wastani wa 428,099.4. Hakuna wilaya yenye sehemu ya kumi nne za mtu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kuna wilaya yenye idadi iliyo sawa na wastani huo. Wastani ni namba iliyotengenezwa kwa kugawa. Hesabu ya watu ni namba iliyotengenezwa kwa kujumlisha. Anayepanga zahanati au madarasa kwa kutazama wastani peke yake amesahau tofauti hiyo.

Mizani ya tisa

Kwa nini jumla ya tarakimu hutuambia habari za tisa? Tuchukue kokoto kumi. Toa tisa; hubaki moja. Tuchukue mia, toa tisini na tisa, ambazo ni mafungu ya tisatisa, hubaki moja. Elfu nayo, ukitoa mia tisa tisini na tisa, hubakiza moja. Kila tarakimu, hata ikiwa katika nafasi ya milioni, huacha baki iliyo sawa na yenyewe. Ndiyo maana tunaruhusiwa kuzijumlisha kana kwamba zote ni mamoja.

Wanahisabati wa India na wa ulimwengu wa Kiislamu waliutumia ukweli huu katika zama za kati kukagua hesabu zao, nasi tunaweza kuutumia kuikagua namba ya Simiyu. Mwaka 2012 watu walikuwa 1,584,157; jumla ya tarakimu ni 31, nazo 3 na 1 ni 4. Ongezeko hadi mwaka 2022 ni 556,340. Jumla ya tarakimu ni 23, nazo 2 na 3 ni 5. Nne na tano ni tisa. Namba ya 2022 ilitoa 27, nazo 2 na 7 ni tisa. Mizani imelingana.

Tufanye hivyo kwa taifa zima. Mwaka 2022 Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Ya kwanza hutoa 42, yaani 6. Ya pili hutoa 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Jumla iliyotangazwa ni 61,741,120. Tarakimu zake hutoa 22, yaani 4. Mizani imelingana tena. Mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji chochote cha Itilima au Meatu anaweza kufanya ukaguzi huu kwa kijiti ardhini. Hahitaji kikokotoo, wala hahitaji neno hata moja la Kiingereza.

Mahali mizani inaposhindwa

Hata hivyo, mizani ya tisa ina upofu. Isipolingana, kosa lipo bila shaka. Ikilingana, kosa laweza kuwapo bado. Karani akiandika 2,104,497 badala ya 2,140,497, tarakimu ni zilezile, jumla ni ileile 27, na mizani itanyamaza. Tofauti ya namba hizo mbili ni 36,000, yaani watu elfu thelathini na sita wamepotea kwa kubadilishana nafasi tarakimu mbili. Wahasibu wanalijua hili: vitabu vikipishana kwa kiasi kinachogawanyika kwa tisa, kwanza hutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi.

Na hapa ndipo lugha inapoingia. Zingatia usemi huu: elfu mia moja na arobaini na saba. Je, ni 147,000 au ni 140,007? Sarufi ya Kiswahili inaruhusu yote mawili, kwa kuwa neno elfu likitangulia, hakuna kinachoonyesha wazi mahali linapokoma kutawala. Sokoni utata huu hauna madhara. Mnunuzi akiambiwa elfu ishirini na tano, hakuna anayemhesabia shilingi ishirini elfu na tano, muktadha humwokoa. Lakini idadi ya watu haina muktadha wa kuiokoa. Namba 140,007 yaweza kuwa idadi halali kama ilivyo 147,000.

Sasa tuipime kwa mizani ya tisa. Tarakimu za 147,000 hutoa 12. Tarakimu za 140,007 hutoa 12 pia. Tofauti yao, 6,993, hugawanyika kwa tisa bila baki. Hili si jambo la bahati. Utata wa elfu huhamisha tarakimu ileile kutoka nafasi moja kwenda nyingine, na mizani ya tisa haitazami nafasi. Kwa maneno mengine, kosa ambalo usemi wetu unaelekea zaidi kulizalisha ni kosa lilelile ambalo ukaguzi wetu rahisi kuliko wote hauwezi kuliona.

Dawa yake ni mizani ya kumi na moja. Kumi ni kumi na moja kasoro moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni elfu moja na moja kasoro moja. Nazo 99 na 1,001 hugawanyika kwa kumi na moja. Kwa hiyo tarakimu hazijumlishwi zote: kuanzia kulia, ya kwanza huongezwa, ya pili hutolewa, ya tatu huongezwa, na kuendelea hivyo. Jibu likiwa chini ya sifuri, huongezwa 11. Namba yetu hutoa 7 − 9 + 4 − 0 + 4 − 1 + 2, yaani 7. Ile ya karani hutoa 7 − 9 + 4 − 4 + 0 − 1 + 2, yaani −1, ambayo ni sawa na baki ya 10. Kosa limeonekana. Vivyo hivyo, 147,000 hutoa baki ya 7, na 140,007 hutoa baki ya 10. Mizani hii hutazama nafasi, na kwa hiyo husikia kile ambacho sikio halikusikia.

Tarakimu ya mwisho

Limebaki swali la ile saba ya mwisho. Kati ya sensa mbili, Simiyu iliongezeka kwa watu 556,340 katika siku 3,649, yaani wastani wa watu 152 kila siku. Kwa kasi hiyo, saba ile ilikuwa imepitwa na wakati kabla ya saa moja kwisha. Kwa nini basi tusiseme tu milioni mbili na ushei?

Kwa mazungumzo, milioni mbili na ushei inatosha. Kwa kumbukumbu haitoshi. Namba iliyokadiriwa haiwezi kukaguliwa: huwezi kuipima kwa tisa wala kwa kumi na moja, na huwezi kuuliza kama jumla ya vijiji inalingana na jumla ya kata, na ya kata na ile ya wilaya. Tarakimu ya mwisho haidai kwamba tunaujua ulimwengu bila shaka yoyote. Inadai kwamba kila aliyeandikwa katika kaya yake amejumlishwa, na kwamba anayetilia shaka anaweza kurudia hesabu hadi kwenye kaya ile. Ikifutwa, kilichofutwa ni uwezo wa kuuliza. Nayo, kama tulivyoona, ndiyo nafasi pekee ambayo sarufi yetu imewaachia watu waonekane kama watu: watatu, wanne, wanane.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na mjadala huu nina mapendekezo matatu. La kwanza, wanaotangaza namba kubwa wazoee kutanguliza kiasi na kuacha elfu ifuate: mia moja arobaini na saba elfu, si elfu mia moja na arobaini na saba. Laki nayo isidharauliwe kama neno la sokoni. Huipunguzia elfu mzigo, na hivyo huondoa utata. La pili, namba inayoandikwa kwa kusikilizwa isomwe mara mbili: kwanza kwa jina, kisha tarakimu moja moja, sifuri ikitajwa: mbili, moja, nne, sifuri, nne, tisa, saba. La tatu, mizani ya tisa na ya kumi na moja zifundishwe shuleni kama stadi za uraia.

Pendekezo hili la tatu lina uzito katika mkoa kama Simiyu. Mwanafunzi wake hujifunza vigawo, baki na namba tasa kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Akiingia sekondari hukutana na dhana zilezile kwa Kiingereza, na wengi hudhani kwamba sasa ndiyo wameanza hisabati. Mhadhara huu umeivunja namba ya tarakimu saba kuwa vigawo vyake tasa, umeikagua kwa mizani mbili na umeeleza sababu za mizani hizo kufanya kazi, kwa maneno ambayo mwanafunzi huyo anayo tayari. Tusimfundishe kuyaacha mlangoni mwa sekondari. Atayahitaji siku atakapotangaziwa kijijini kwake idadi ya watu, ya kilo za pamba au ya fedha za mradi, na akataka kujua kama hesabu aliyoisikia ndiyo iliyoandikwa.